Wekundu wa Matembele Yako

Dada Mwanahamisi,

Kwenye kisomo cha watu wazima tumefundishwa kwamba barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siwezi kuiuliza, kwa hiyo nianze na yetu. Sisi wazima. Salehe mume wetu mzima, ingawa amekonda mpaka nimempunguzia suruali kiunoni. Zaina wako mzima wa mwili; ya moyo nitakueleza. Na mwanao wa kiume mzima kabisa, hilo nataka ulisikie mapema. Tumemwita Hamisi, tumelikata kwenye jina lako. Namnyonyesha pamoja na Rukia wangu, huyu ziwa hili, yule ziwa lile, na wanapigana mateke juu ya tumbo langu kana kwamba wamekodi uwanja. Sasa ni ndugu wa kunyonya, hata wakitaka kukanana hawawezi.

Usinicheke mwandiko. Uliponiacha, herufi zangu zilikuwa bado zinalala chali, ukasema nikiwaandikia watu wa kwetu Mpale watadhani kuku amepita juu ya karatasi. Hii ndiyo barua yangu ya kwanza kuandika peke yangu. Wa Mpale watasubiri.

Nimekukosa, dada. Niseme tu wazi, maana wewe hukupenda mtu anayezunguka. Watu wanadhani mke mwenza akifa, aliyebaki anapumua. Mama Mdoe jirani yetu alikuja kunipa pole siku ya hitima huku ananichungulia usoni kama anatafuta kicheko nilichokificha. Hakujua ulivyonipokea. Nilipoletwa kwa Salehe, msichana wa mlimani mwenye woga, hukununa wala hukunikaribisha kwa maneno matamu. Ulinipa jembe. "Kama ni kugombea mwanamume, tugombee jioni," ukasema. "Asubuhi tunalima." Jioni ilipofika tulikuwa tumechoka mno kugombea chochote, na nadhani ulilijua hilo tangu mwanzo.

Basi nikueleze habari ya matembele yako, maana yote yaliyotupata tangu uondoke yamepitia huko.

Unakumbuka siku ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Lori limesimama, watu wanapakia vinu na milango na kuku waliofungwa miguu, na wewe, mimba yako ikiwa bado ndogo, ukashuka mtoni kukata marando ya viazi kule chini ya mikuyu, ambako jua lilikuwa linapenya kwa vitobo tu. Yalikuwa marefu, laini, kijani kilichopauka. Ukayafunga kwa kamba za mgomba, ukayafunika kwa gunia bichi, ukayapakata njia nzima kama mtoto. Salehe akakuambia marando yapo kila mahali, hata Korogwe sokoni hayakosekani. "Yapo," ukamjibu, "lakini hayanijui." Lori zima lilicheka, na Salehe akageukia upande wa pili.

Na unakumbuka tulivyofanya tulipofika huku barabarani. Tuliambiwa nyumba zikae kwa mistari. Sisi kwa bidii yetu tukakata kila mti uliosimama, wa kwenye mstari na usio wa kwenye mstari, mpaka ule mkwaju mkubwa ambao hakuna kiongozi yeyote aliyetuagiza tuuguse. Tulitaka kijiji chetu kionekane kutoka barabarani, wapita njia waseme watu wa hapa si wavivu. Kikaonekana. Na jua nalo likatuona. Ukapanda marando yako nyuma ya jiko, siku ya mawingu, kwenye matuta uliyoyainua mwenyewe na tumbo lako, ukawa unayanywesha maji ya kuoshea vyombo. Yakashika. Tulichuma matembele ya kwanza pamoja, tukala na bada la muhogo, ukasema yana ladha ya mtoni.

Siku uliyojifungua sitakusimulia, ulikuwepo. Nitakuambia tu ambalo hukuliona. Zaina tulikuwa tumemtuma maji. Alirudi na ndoo kichwani, akaingia moja kwa moja kabla hatujaondoa nguo zilizolowa, akakukuta umeshatutoka na damu iko kila mahali. Baba yake alikuwa barabarani, amefanikiwa kusimamisha lori la mkonge likupeleke Korogwe, amekuja mbio kutuambia, na hakukuwa tena na mtu wa kupelekwa. Zaina hakulia. Aliishusha ndoo polepole, wala maji hayakumwagika, akageuka akatoka nje. Kutwa nzima ya msiba nilikuwa namtafuta kwa macho, na kila nikimwona anakaa mahali asipoweza kuguswa na mtu.

Baada ya hapo mvua ikakatika mapema. Jua likawa halina huruma, udongo ukapasuka, mchicha wa watu wote ukafa. Asubuhi moja nikaenda nyuma ya jiko kuchuma mboga nikakuta matembele yako yamebadilika. Mashina yamekuwa mekundu. Si wekundu wa kuchezea, ni ule mzito wenye giza, umepanda kutoka kwenye shina hadi vikonyo vya majani, umeingia mpaka kwenye mishipa ya jani. Nilijaribu kuufuta kwa kidole, haukutoka.

Ningekuwa nimeyaona peke yangu, yangepita. Lakini Mama Mdoe alikuwa amekuja kuomba moto, na mdomo wake unaujua. Akaweka mkono kifuani. "Mama wee! Damu ya mwenyewe imepanda!" Haikumjia kwamba matembele ya kwake ni mekundu tangu mbegu, tangu hatujazaliwa, na anayala kila siku anaongeza na nazi. Kwa sauti ile hata wa nyumba ya mwisho alisikia. Zaina alikuwa mlangoni anachambua mtama.

Tangu siku hiyo akaacha kula matembele. Kisha akaacha kula chochote kilichopikwa kwenye chungu kilichopika matembele, na dada, chungu kiko kimoja. Mboga nyingine hatuna. Akawa anakula bada kavu na chumvi, anameza kama dawa. Mikono yake ikawa vijiti. Lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba hakumgusa Hamisi. Nikisema nibebee mtoto nitwange, anambeba Rukia. Hamisi akilia, yeye anatoka nje. Nikamshika siku moja nikamkalisha, nikamuuliza huyu mdogo wako amekukosea nini. Akaniangalia kwa macho yako yale yale, akasema taratibu, "Huyu ndiye aliyemaliza damu ya mama."

Niliumia, dada. Niliumia kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule asiyejua hata kukaa, ambaye anamtazama dada yake akipita na kumchekea kwa ufizi mtupu.

Salehe akasema niyang'oe matembele yote tumalize maneno. Alisema kwa uchungu, si kwa ubaya. Yeye mwenyewe amekuwa hapiti nyuma ya jiko, anazunguka kwa mbele. Nikakataa. Kwanza, uliyapakata. Pili, niliona nikiyang'oa nitakuwa nimemwambia Zaina kwamba Mama Mdoe amesema kweli: kwamba damu ya mama yake imetapakaa kwenye matuta, na kwamba yupo wa kulaumiwa. Nikamwambia Salehe, mwanamke huyu hakunifundisha kung'oa. Akazunguka kwa mbele, akaenda zake. Unamjua.

Lakini kukataa si kujibu. Sikujua kwa nini yamekuwa mekundu. Nikilala nawaza, nikiamka nawaza. Ikaja siku ya kuyainua marando, kama ulivyonizoesha, yasije yakashika mizizi kila mahali viazi vikakosa nguvu. Nikainua shina moja, nikaligeuza. Chini lilikuwa kijani! Kijani kile kile cha mtoni. Nikageuza jingine na jingine. Upande unaotazama juu mwekundu, upande uliolalia udongo kijani. Nikamwita Zaina kwa kelele hata akadhani nimeumwa na nyoka. Alikuja, akatazama bila kuinama. "Damu inakaa juu," akasema, akarudi zake ndani. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Mkaidi, amekurithi wewe.

Nikampelekea habari hiyo Mwalimu Elia, yule kijana wa juu ya Mombo anayetufundisha kisomo. Alikuja akachuchumaa kwenye matuta na suruali yake iliyopigwa pasi, akakaa kitambo anapapasa mashina. Nilichompendea ni kwamba hakutunga. Alisema, "Sababu siijui, mama. Lakini tunaweza kuyauliza yenyewe." Akaniambia nifunike tuta moja nusu, nusu niliache, tuone machipukizi mapya yatatoka na rangi gani. Nikachomeka miti yenye panda, nikatandaza juu mkeka uliochakaa. Mama Mdoe akapita akauliza kama nayajengea nyumba. Nikamwambia ndiyo, na yeye akitaka aje apange.

Zaina hakusogea nikiwepo. Ila nilianza kuona nyayo ndogo kwenye udongo karibu na ule mkeka, na kona ya mkeka imeinuliwa na kurudishwa vibaya. Nikajifanya sijaona.

Machipukizi ya juani yalitoka na wekundu. Ya chini ya mkeka yakatoka kijani, teketeke, laini, utadhani bado tuko kwenye mikuyu. Tuta moja, dada, marando yale yale, mkono ulioyapanda ule ule. Kuona hivyo nikakaa chini pale pale.

Bwana shamba alipopita kukagua pamba ya kijiji, Mwalimu Elia akamvuta mpaka kwetu, baiskeli na vumbi lake. Huyu sasa alikuwa anajua, na alieleza kwa upole kama mtu asiye na haraka. Alisema jani ni jiko la mmea, linapika chakula kwa mwanga wa jua. Mwanga wa kiasi ni moto mzuri. Ukizidi kuliko jani linavyoweza kuutumia, ule uliobaki unaanza kuharibu jiko lenyewe. Na mmea hauna miguu, hauwezi kusogea kivulini. Basi unatengeneza rangi nyekundu ndani ya ngozi yake, kwenye shina na majani, na rangi hiyo inakata ukali wa mwanga kabla haujafika ndani. Ulioota kivulini ukahamishiwa juani kwa ghafla ndio unaoshtuka zaidi. Si kila wekundu ni jua, akasema: kuna mbegu nyekundu tangu asili, kuna udongo wenye njaa, na milimani kwetu baridi nayo inaweza kuleta hali hiyo. Hata wasomi, akasema, hawajamaliza kuuelewa. Lakini haya ya nyuma ya jiko ni jua, kwa sababu mkeka umetoa ushahidi.

Zaina alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kanga yangu. Akauliza, "Yanaumia?" Bwana shamba akamwambia, "Yanajikinga. Yangekuwa hayajikingi ndiyo yangeumia." Nikatazama vile vishina vyako, dada, vilivyoletwa kwa lori kutoka kwenye kivuli na kutupwa kwenye uwanja tuliousafisha wenyewe, na vikatafuta cha kujifunika humo humo mwilini mwao. Nilivionea huruma na nikaviheshimu.

Wageni wakaondoka. Mimi nikaanza kuchuma, nikidhani mambo yamekwisha. Zaina hakuondoka. Aliuliza swali ambalo nilikuwa sijajiandaa nalo. "Kama haiko humu, damu ya mama ilikwenda wapi?"

Nikaweka ungo chini. Sisi watu wazima tulimficha mtoto kila kitu siku ile, tukidhani tunamhurumia, naye akaachiwa ajitungie mwenyewe. Basi nikamweleza, kama unavyoeleza mtu mzima. Nikamwambia Hamisi alikuwa ameshazaliwa, ameshakatwa kitovu, amefungwa kanga, analia mikononi mwangu, kabla damu haijaanza. Kwamba kondo la nyuma lilikataa kutoka, na tumbo la uzazi, ambalo hujifunga lenyewe mtoto akishatoka, siku hiyo lilichoka halikujifunga. Hakuna aliyeichukua damu. Ilitoka, ikaingia kwenye nguo na kwenye udongo wa sakafu, na mimi na mkunga tukaufukua ule udongo tukauzika kwa heshima. Nikamwonyesha mahali. Nikamwambia mkunga alifanya kila alichokijua, na baba yake alikimbia kweli kweli.

Kisha nikamwambia lile ambalo nilikuwa sijamwambia mtu, hata Salehe. Kwamba nilikupa Hamisi ukampakata. Ulikuwa umelowa jasho, umechoka, umefurahi. Ukamtazama usoni, ukacheka mpaka mkunga akakukanya. "Mtazame pua," ukasema. "Imekuja mbele, mwenyewe yuko nyuma." Halafu ukaniuliza, "Zaina kala?" Nikasema bado, akirudi na maji nitampa. Ukasema mbakishie ukoko, anaupenda. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya mwisho. Hapakuwa na hasira ndani yake wala hofu.

Dada, alilia. Alilia kilio chote alichokuwa amekibeba tangu aliposhusha ile ndoo, amelalia mapaja yangu katikati ya matuta, na jua linatupiga sote wawili, wala hatukuinuka. Nililia naye. Salehe alitokea kwenye kona ya jiko, kwa mara ya kwanza tangu uondoke, akatuona, akakaa chini karibu yetu bila kuuliza.

Jioni nilipika matembele. Sikumlazimisha. Niliweka sinia nikageuka kuwasha taa, nilipogeuka tena nikakuta amemega tonge la bada, amelichovya, analitazama. Akalila. Akala lingine. Akasema chumvi imezidi. Nilifurahi kukosolewa kama sijawahi kufurahi maishani mwangu.

Mambo mengine ni haya. Tumeanza kupanda miti. Tulioikata kwa bidii sasa tunaipanda kwa bidii, na balozi wa nyumba kumi anatukagua kama vile wazo lilikuwa lake. Mama Mdoe ameniomba marando ya mtoni. Nimempa, nikamwambia asitishike yakianza kuiva rangi. Bomba la maji bado linasemwa tu. Salehe amenunuliwa shati na dada yake, linampwaya. Mwalimu Elia anataka Zaina aendelee na shule hata akishavunja ungo, na mimi nimeshamjibu kwa niaba yako, kwamba ataendelea. Baba yake atakubali. Akikataa nitampa jembe.

Karatasi inaisha na mikono imeniuma, sikujua kuandika ni kazi kama kulima. Pumzika, dada yangu. Mungu akupe kivuli kipana huko uliko, na akusamehe yote uliyowahi kusema juu ya mapishi yetu sisi Wasambaa. Ninakuahidi hivi: maadamu nina sauti, hakuna mtu atakayemwambia mtoto huyu kwamba alikuja na kifo chako. Akikua akauliza, ataambiwa ukweli mapema, kabla hajajitungia wa kwake.

Wala sidhani kwamba nitakuwa mimi wa kumwambia. Leo asubuhi Zaina alimbeba mgongoni kwenda kisimani, bila kutumwa. Nilikuwa nyuma yao kidogo. Jua lilikuwa limeshaanza ukali wake, akasimama njiani, akavuta pindo la kanga akamfunika mtoto kichwa, akawa anatembea huku anamwambia kwa sauti ya chini, "Wewe mama alikuona. Alikupakata. Alikucheka pua."

Ni mimi mdogo wako,
Mama Rukia